Sakiti ya betri ya akiba ndani ya gemu ina somo kwa mafundi wetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo, kwa maoni yangu, wazazi na walimu wa ufundi wamelipita bila kulitazama. Kila yanapozuka mazungumzo kuhusu vijana na michezo ya kompyuta, hukumu huwa imeshatolewa kabla ya shauri kusikilizwa: kijana anapoteza muda, anaharibu macho, anajifunza ukatili. Mimi ni mwalimu wa ufungaji umeme wa majumbani na sikanushi kwamba madhara yapo. Ninachosema ni kwamba ndani ya mmoja wa michezo hiyo limo zoezi la umeme wa akiba lililo bora kuliko mengi tunayowaandikia wanafunzi ubaoni, na kwamba ingefaa tulichukue, tulifundishe, na tuonye waziwazi pale linapopotosha.

Mchezo ninaousema ni Rust, wa kampuni ya Facepunch Studios ya Uingereza. Ulianza kuuzwa ukiwa bado unatengenezwa mnamo Desemba 2013, ukatoka rasmi Februari 2018, na Desemba ya mwaka huohuo ukaongezewa mfumo wa umeme. Mchezaji huanza akiwa na jiwe na mwenge tu, akajenga nyumba, akakusanya mali, huku akishindana na watu wengine waliounganishwa kwenye seva moja, yaani kompyuta kuu inayouendesha mchezo. Ni mchezo wa watu wazima. Ulaya umewekwa daraja la miaka 18 kwenda juu, na mtoto wa shule ya msingi hana shughuli nao. Kinachouingiza katika habari ya umeme wa akiba ni sharti moja gumu: mchezaji akizima kompyuta akaenda kulala, nyumba yake hubaki palepale ndani ya mchezo, na wengine wanaweza kuja kuivunja. Mlinzi wake ni bunduki zinazojiendesha, na kila moja hutaka vipimo 10 vya umeme usiku na mchana. Umeme ukikatika, bunduki nazo huzima, na asubuhi mwenye nyumba hukuta kuta zimebomolewa na masanduku yamekombwa.

Vyanzo vya umeme ni vichache na kila kimoja kina udhaifu wake. Paneli ya sola haizidi vipimo 20 hata jua likiwaka sana, na usiku haitoi kitu. Mtambo wa upepo unaweza kufika 150 ukifungwa juu, lakini hupanda na kushuka bila taarifa. Jenereta ndogo hutoa 40, ila hula mafuta ambayo lazima mtu ayatafute. Betri kubwa huhifadhi 24,000 na hutoa hadi 100 kwa wakati mmoja, maana yake ikifanya kazi kwa ukomo wake hudumu dakika 240. Kuna upotevu pia: katika kila vipimo 100 vinavyoingia kwenye betri, 80 tu ndivyo vinavyohifadhiwa.

Anayeanza huunganisha kila kitu kwa mstari mmoja, upepo ukaingia kwenye betri, na betri ikaenda kwenye bunduki. Sakiti hiyo inafanya kazi, ila ina gharama. Tuchukue nyumba yenye bunduki 6, yaani mzigo wa vipimo 60. Kwa kuwa umeme wote unapita kwenye betri, chanzo kinalazimika kutoa 75 ili kurudisha 60 zinazotumika, hata ule wakati ambapo upepo ungeweza kulisha bunduki moja kwa moja bila kupoteza chochote.

Hapo ndipo wachezaji wazoefu hutengeneza sakiti ya akiba, na naomba radhi kwa wasomaji wasio mafundi, kwa maana nitaieleza hatua kwa hatua. Umeme wa upepo huingia kwanza kwenye kigawanyaji kilichowekwa 60. Vipimo 60 vya mwanzo huenda kwenye bunduki, na kinachozidi hutoka upande wa pili. Ziada hiyo huingia kwenye kigawanyaji kingine kinachotoa kiasi kidogo kwenda kwenye kifaa cha kuzuia, na kinachobaki huchaji betri. Kizuizi chenyewe kimefungwa kwenye njia ya kutokea betri: kikipata umeme wa amri hufunga njia, kikiukosa huifungua. Mwisho kuna swichi yenye njia mbili za kuingilia, moja kutoka kwenye upepo na nyingine kutoka kwenye betri, nayo hupitisha ile iliyo kubwa. Upepo ukizidi mahitaji ya nyumba, ziada inachaji betri na wakati huohuo inaifungia mlango isitoke. Upepo ukishuka chini ya mahitaji, ziada inakufa, kizuizi kinafunguka, na betri inaingia kazini bila mkono wa mtu.

Nilipoiona sakiti hii kwa mara ya kwanza kwenye daftari la mwanafunzi wangu, kilichonivutia zaidi ni mahali amri ya kizuizi inapochukuliwa. Fundi mwenye haraka angeichukua moja kwa moja kwenye mtambo wa upepo, kwa hoja kwamba upepo ukiwapo betri ipumzike. Lakini mtambo ukitoa vipimo 5, kizuizi huona umeme upo na hubaki kimefunga, bunduki zinataka 60 na hazizipati, na betri iliyojaa inakaa imefungiwa. Ndiyo maana amri lazima itoke kwenye ziada, baada ya mzigo kushiba. Swali linaloulizwa na sakiti ni kama umeme uliopo unatosha, na hilo ni swali tofauti kabisa na kama umeme upo. Nimefundisha watu wazima wenye uzoefu wa miaka ambao hawajawahi kulitenganisha swali hilo, na ndio wanaofunga vifaa vya akiba visivyoingia kazini umeme unapokuwa hafifu, taa za nyumba zikipepesa na friji ikiunguruma kwa taabu, eti kwa sababu umeme haujakatika.

Mwanafunzi huyo hakuishia hapo. Alikuwa ameandika pembeni kwamba sakiti hii si bora kila mahali, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Upepo ukitoa 40 kwa muda mrefu, ile swichi ya mwisho huchagua betri kwa kuwa ndiyo kubwa, na zile 40 za upepo hupotea bure, hivyo betri hupungua kwa 60 kila dakika. Katika sakiti ya mstari mmoja, zile 40 zingeingiza 32 kwenye betri, na upungufu ungekuwa 28 tu. Kwa hiyo mwenye upepo wa nguvu anafaidika na sakiti ya akiba, na mwenye upepo dhaifu ni heri abaki na ile ya kawaida au aongeze mtambo wa pili. Aliongeza kwamba betri ikishaisha kabisa, na upepo ukirudi kwenye 100, ziada ya 40, tukiacha kiasi kidogo cha kizuizi, huhifadhi 32 kwa dakika, kwa hiyo betri itachukua dakika 750 kujaa, yaani saa 12 na nusu. Kijana anayejua kwamba akiba yake inatumika kwa saa 6 na dakika 40 lakini inarudi kwa saa 12 na nusu ameelewa umeme wa akiba kuliko mteja wa kawaida anayenunua betri dukani kwa kuangalia ukubwa wa boksi.

Ipo tabia nyingine ya wachezaji hao ninayotamani ingehamia kwenye majengo yetu. Mchezaji makini hangoji upepo ukate ili ajue kama sakiti inafanya kazi. Huchomoa waya wa chanzo yeye mwenyewe, akasimama mbele ya bunduki zake kuona kama zinaendelea kuwaka, kisha akaurudisha. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipokatika karibu Kenya nzima, sehemu ya uwanja wa ndege wa kimataifa wa Jomo Kenyatta ilibaki gizani kwa saa kadhaa kwa sababu jenereta ya akiba haikuwaka. Huku kwetu Tanzania gridi ya taifa ilipata hitilafu tarehe 1 Aprili 2024, na sina shaka kuna wengi waliogundua usiku ule kwamba betri zao zilikuwa zimekufa zamani. Majaribio ya kukata chanzo kwa makusudi yanapaswa kuandikwa kwenye ratiba ya kila hospitali, shule na ofisi yenye jenereta au inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa matumizi ya nyumbani.

Sasa niseme pale mchezo unapopotosha, kwa maana hapa ndipo hofu yangu ilipo. Waya wa ndani ya mchezo hauna unene. Unaweza kupitisha umeme wa paneli moja au wa betri nzima, na haupati joto. Katika maisha halisi, mzigo wa wati 1,000 kwenye umeme wa nyumbani wa volti 230 huvuta ampea 4 na kidogo, lakini mzigo huohuo ukivutwa kutoka kwenye betri ya volti 12 hudai ampea 83, tena kabla ya kuhesabu upotevu wa inveta. Waya wa taa ukiwekwa kati ya betri na inveta huyeyuka, na kilichoegemea juu yake huungua. Kijana aliyejifunza kwenye kompyuta pekee hana sababu yoyote ya kulijua hilo, kwa kuwa mchezo hauna volti wala ampea, una kipimo kimoja tu kinachojumlishwa na kutolewa. Hauna fyuzi ya kulinda waya, hauna waya wa ardhi, na betri yake haizeeki. Betri yetu ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini anayeitaka idumu hatumii zaidi ya nusu yake kabla ya kuichaji tena. Kwenye mchezo betri inakaushwa mpaka sifuri kila usiku na kesho yake ni mpya.

Na lipo lililo zito kuliko hayo yote. Ndani ya mchezo, kizuizi kikisahaulika, hasara ni betri kupungua bila sababu. Katika nyumba halisi, anayeunganisha jenereta au inveta kwenye nyaya za nyumba bila chenjiova, yaani swichi ya kubadilisha chanzo cha umeme, anarudisha umeme kwenye laini ya mtaani. Umeme huo hupanda kupitia transfoma ileile inayoushusha, volti 230 zikageuka kuwa maelfu, 11,000 au 33,000 kutegemea laini, na juu ya nguzo kuna fundi aliyeambiwa kwamba laini imezimwa. Nimewaona watu, na wengine ni wasomi, wakitengeneza waya wenye plagi pande zote mbili ili wachomeke jenereta kwenye soketi ya sebuleni. Wanazima swichi kuu kwa mkono na kuamini hiyo ni kinga ya kutosha, mpaka siku mtoto au mgeni anapoiwasha. Chenjiova haitegemei kumbukumbu ya mtu: muundo wake wenyewe hauruhusu vyanzo viwili kukutana. Hiyo ndiyo kazi ya kizuizi katika sakiti ya mchezo, na kijana anayeielewa kule ataelewa kwa dakika chache kwa nini tunaisisitiza huku, mradi awepo wa kumwambia kwamba huku anayelipa ni binadamu.

Ombi langu kwa walimu wenzangu wa vyuo vya ufundi ni mahususi. Mwanafunzi anayecheza mchezo huu aruhusiwe kuchora sakiti yake ya akiba darasani na kuitetea kwa hesabu, kisha aichore upya kwa ajili ya nyumba ya vyumba vitatu yenye umeme wa gridi, inveta na betri mbili. Katika mchoro wa pili aandike unene wa kila waya, mahali pa kila fyuzi, njia ya waya wa ardhi, na aonyeshe chenjiova imekaa wapi. Asiyecheza apewe mchoro wa mwenzake aukosoe. Wazazi nao, kabla ya kuzima kompyuta, wamwombe kijana awaeleze betri yake inajuaje wakati wa kuingia kazini, na wakati huohuo wamkataze kabisa kugusa inveta ya nyumbani bila fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, kuwapo. Na kwako, Ndugu Mhariri, ningeshukuru iwapo kurasa zako za teknolojia zingechapisha mchoro wa chenjiova ya nyumbani, mkubwa wa kutosha kukatwa na kubandikwa dukani kwa wauza jenereta.

Wako,
Mwalimu wa ufungaji umeme,
Morogoro