Mwasho wa sehemu za siri si fangasi kila mara

Mhariri,

Mwanamke wa Kondele akiwashwa usiku hukimbilia duka la dawa kununua dawa ya fangasi. Penye mabaka meupe na ngozi inayochanika, huenda ni laikeni sklerosasi, ugonjwa wa ngozi usioambukiza wala kuletwa na uchafu.

Daktari akithibitisha, marhamu ya klobetasoli 0.05%, dawa kali ya steroidi ya kutuliza uvimbe wa ngozi, hupakwa kiasi kidogo kila usiku wiki 4, kisha kwa kuruka usiku mmoja wiki 4, halafu mara 2 kwa wiki, wiki 4. Tyubu ya gramu 30 hutosha miezi hiyo 3. Maonyo kwenye karatasi ya maelezo iliyo ndani ya pakiti huwatisha wengi, wakaacha dawa mapema. Ngozi ikakakamaa na kushikana.

Sabuni iepukwe. Kidonda kisichopona kipimwe saratani haraka, tafadhali.

Muuguzi, Kisumu