Gundi inayoshika palipolowa damu

Mombasa

Ndugu yangu Rehema,

Natumaini u mzima, wewe na wote nyumbani. Uliniandikia kwamba kinachokuumiza zaidi katika chumba cha upasuaji ni ini lililopasuka, kwa kuwa nyama yake ni laini mno, uzi huichana badala ya kuishika, na damu huchuruzika kila upande bila mshipa mmoja wa kufungwa. Kwa sababu hiyo nataka kukueleza kazi ya wahandisi wa chuo kikuu cha teknolojia cha MIT, Marekani, iliyochapishwa mwaka 2021.

Walijifunza kutoka kwa wale viumbe wadogo wenye magamba makali wanaoganda chini ya majahazi, ambao mafundi huwakwangua kabla ya kupaka deheni. Kiumbe huyo hushika kwenye ubao uliolowa na kujaa uchafu, kwa kuwa protini zake za kunata zimo ndani ya mafuta, na mafuta hayo huyaondoa maji kwanza. Kwa maoni yangu, uhodari wote umo katika hatua hiyo ya kwanza, maana hata gundi kali haina kazi ikiwa utando wa damu umeitenga na nyama.

Hyunwoo Yuk, Xuanhe Zhao na wenzao walichanganya chembechembe za gundi na mafuta ya silikoni, wakapata kitu kizito kama dawa ya meno. Ukikipaka juu ya jeraha na kukikandamiza taratibu, mafuta huisukuma damu pembeni, chembechembe hushikamana zenyewe kwa zenyewe na kufungamana na tishu, na jeraha huzibika katika muda usiofika sekunde 15. Kwenye mshipa mkuu wa nguruwe, kiraka hicho kilistahimili shinikizo la takriban milimita 350 za zebaki, karibu mara tatu ya shinikizo la kawaida moyo unapopiga. Halafu huyeyuka polepole mwilini kwa miezi kadhaa.

Lililonigusa zaidi ni kwamba gundi hii haingoji damu igande, kwa hiyo huenda ikamfaa hata mgonjwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Majaribio hayo, hata hivyo, yalifanywa kwa panya na nguruwe, na kuziba juu si sawa na kufunga mshipa unaovuja ndani kabisa ya ini. Naomba uniambie: jeraha likiwa nyuma ya ini, mkono wa daktari hupata nafasi ya kukandamiza?

Wako,
Salma