Kompyuta haijagundua, imekisia

Mhariri, naomba kanafasi. Juzi mdogo wangu kanitumia WhatsApp kipande cha habari eti kompyuta imegundua chanzo cha kisukari kwenye vitu vinaitwa maikroRNA, na wiki hiyohiyo mama alivyoshuka Mbeya kliniki akapitia Mwanjelwa, jamaa mmoja akamuuzia unga wa majani "unaorekebisha maikroRNA", elfu kumi na tano! Mama ana sukari mwaka wa tisa huu, siku mbili kaacha vidonge.

Mi sio daktari ila baiolojia nimeisoma. MaikroRNA zipo kweli, ni vipande vifupi vya RNA, ndugu yake DNA, vyenye herufi za kijeni kama 22 hivi, vinajibandika kwenye ujumbe wa jeni ili protini isitengenezwe. Wanasayansi Ambros na Ruvkun waliziona kwenye minyoo, 2024 wakapewa Nobeli. Ipo inaitwa miR-375, iko kwenye seli za kongosho zinazotoa insulini, ikizidi insulini inatoka kidogo, na hiyo ilipimwa maabara, majibu yakatoka 2004.

Asa hizi programu za kompyuta za kukisia maikroRNA inazima jeni zipi, kama TargetScan, zenyewe zinashika herufi saba tu za karibu na mwanzo wa maikroRNA halafu zinatafuta zinakoingiana kwenye jeni. Herufi za kijeni ziko aina nne tu, so neno la herufi saba linajitokeza kwa bahati tu karibu kila baada ya herufi elfu 16. Simama stendi ya Nane Nane uite "mama Tumaini!" uone watageuka wangapi. Ndo maana programu inacheki pia kama hayo maandishi yako vilevile kwa panya na wanyama wengine, makosa yanapungua, ila kinachotoka bado ni orodha ya washukiwa, mpaka mtu aingie maabara azuie hiyo maikroRNA kwenye seli aone jeni inafanyaje.

Siipingi kompyuta, tena kijana wa chuo hapa Mbeya mwenye laptop na bando anaweza kuifanya hii kazi maana data zake ni za bure. Ninachoomba mkiandika hizi habari semeni "imekisia", na kama kilichopimwa ni panya semeni panya, msituachie sisi tukadhani ni mama zetu.

Mama vidonge karudia. Yule jamaa simu hapokei, unga tumemwagia migomba.

Msomaji wenu, Tukuyu