Barua kwa binti yangu anayetaka kukodisha gari lake la umeme

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Dallas hatujambo. Mama yako anakusalimu na anakukumbusha kwamba ujumbe wake wa juzi hujaujibu. Wa kwako mimi nimeusoma. Unataka kuliweka gari Turo, ile kampuni ya kukodishiana magari kwa simu, lijilipie mkopo, kwa kuwa ukiwa zamu za usiku linalala gereji nusu ya wiki, na kwa kuwa baba yako mwenyewe anakodisha la kwake na hajafilisika. Ukamalizia, "Baba, sema ndiyo au hapana tu." Hapo mama umenibana. Jibu langu halitoshi kwenye simu, ndiyo maana naandika. Jipikie chai, usome taratibu.

Nianze na makaratasi ili tuyamalize. Kabla hujalipiga gari picha, toa mkataba wa mkopo uusome. Mikopo mingi ya magari, na karibu mikataba yote ya kukodi gari kwa miaka mitatu, ina kifungu kinachokataza kulitoa kwa malipo. Suala la riba tulishalizungumza, sirudii. Halafu bima. Bima yako ya kawaida haitalipa gari likiwa mkononi mwa mteja anayelilipia. Muda huo unalindwa na mpango wa kampuni ya kukodishia, nao una ngazi: ukitaka mpango unaokubebea hasara nyingi, kampuni inakata sehemu kubwa ya pesa. Na zipo kampuni za bima ambazo zikijua unakodisha zinakufuta kabisa. Wapigie uwaulize wazi, kisha andika jina la uliyezungumza naye na tarehe.

Marehemu babu yako pale Tanga alikuwa na Peugeot 504 ya teksi, akampa kijana kwa hesabu. Kila jioni kijana alileta pesa ya bosi, kilichozidi chake. Siku hesabu isipofika, babu hakupiga kelele. Alikwenda kukaa barazani kwa mama wa kijana, akanywa kahawa, mpaka hesabu ikatoka. Ninyi mnaona kukodisha gari kwa simu ni jambo jipya, wakati kilichopungua ni ile baraza tu. Mtu anayelichukua gari lako unamjua kwa picha ya leseni na nyota alizopewa na wengine.

Sikutishi, ila hili lilitokea na ulilisikia. Tarehe 1 Januari 2025 mtu aliendesha Ford F-150 Lightning akawagonga watu Bourbon Street, New Orleans, wakafa 14. Siku hiyo hiyo Cybertruck, pickup ya Tesla, ikalipuka mbele ya hoteli ya Trump kule Las Vegas. Magari yote mawili ni ya umeme, na yote mawili yalikodiwa Turo, moja huku kwetu Texas, Houston, jingine Colorado. Kampuni ilisema hakuna kati ya wale wateja wawili aliyekuwa na rekodi ya uhalifu ambayo ingeonyesha ni hatari. Naamini hivyo ndivyo ilivyokuwa, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mambo ya aina hiyo ni nadra sana, usikoseshwe usingizi nayo. Wateja wangu wengi ni watu wa heshima wanaokuja harusini au wanaotaka kulijaribu gari la umeme kabla ya kununua.

Shida yenyewe inatoka kwa hao hao watu wa heshima. Anayekodi gari la petroli hahitaji kufundishwa kitu, vituo vya mafuta amevizoea toka utotoni. Anayekodi la kwako anakuja na tabia za petroli. Atatumia betri mpaka ibaki asilimia tano, ndipo atafute "kituo kilicho karibu." Akifika atakuta mashine ambayo haiingii kwenye gari lako bila kiunganishi, na kiunganishi kiko kwenye buti ambako hakufungua. Hapo atampigia nani? Wewe. Saa nane usiku, nawe uko wodini, simu imezimwa.

Sasa chukua baridi yenu ya Minnesota. Tesla Model 3 yako ya 2022, ile ya magurudumu ya nyuma, kwenye karatasi inakwenda maili 272. Mwaka 2019 chama cha wenye magari cha AAA kilijaribu magari ya umeme kwenye baridi ya nyuzi 20 za Fahrenheit, hita ikiwa imewashwa, na kwa wastani umbali ukapungua kwa asilimia 41. La kwako lina pampu ya joto, hita isiyokula umeme mwingi, kwa hiyo nakubali litapoteza pungufu kidogo. Lakini piga hesabu ya mtu anayetoka Minneapolis kwenda Duluth, maili 150 na kitu, kaweka hita kama yuko sauna, anakimbiza kwenye barabara kuu, na hakuanza na betri iliyojaa kwa sababu hukupata muda wa kuichaji. Isitoshe betri yako ni ile ya chuma na fosfeti, ambayo ikiwa baridi inapokea chaji kwa uvivu sana. Mteja atadhani mashine mbovu. Atakupa nyota mbili.

Na muda huo wa kuichaji utautoa wapi? Mimi nina chaja ya volti 240 ukutani. Gari likirudi jioni tupu, alfajiri limejaa. Wewe unachomeka kwenye soketi ya kawaida ya gereji ya maghorofa, volti 120, inayokupa maili tatu au nne kwa saa. Gari likirudi saa moja usiku na lichukuliwe saa moja asubuhi, umeliongezea maili arubaini hivi, na baridi ikikaza hata hizo hupati. Maana yake kati ya mteja mmoja na mwingine ni wewe mwenyewe ulipeleke Supercharger, kituo cha Tesla cha kuchaji haraka, ukae humo ndani umejikunyata, baada ya zamu ya masaa kumi na mawili. Hilo ndilo ninaloliogopa zaidi kuliko wezi.

Usidhani ni sisi wadogo tu tunaoelemewa. Hertz, kampuni kubwa ya kukodisha magari, mwaka 2021 walitangaza kununua Tesla 100,000. Januari 2024 wakasema wanauza magari ya umeme kama 20,000. Tesla walikuwa wameshusha bei ya magari mapya, kwa hiyo yale ya Hertz yakaporomoka thamani, na kutengeneza gari lililogongwa kukawa ghali kuliko walivyopanga. Hao wana mafundi, wanasheria na maegesho uwanja wa ndege. Wewe una soketi moja.

Hebu tuhesabu basi. Tuseme umeweka dola 60 kwa siku, ukapata siku kumi kwa mwezi. Hiyo ni 600. Kwa mpango unaokuachia asilimia 75 unabaki na 450. Toa kuosha, toa vitu vidogo vinavyopotea. Kisha kuna tairi. Gari la umeme ni zito, tena linaruka ukikanyaga, na kila mgeni lazima ajaribu kuliona linavyoruka. Mimi ningekuwa yeye ningejaribu pia! Tairi zinalika mapema, na seti ya tairi nne pamoja na kufungwa ni karibu dola elfu moja. Halafu kila maili ya mteja inapunguza bei utakayouzia. Sisemi hakuna faida. Nasema faida ni ndogo, na sehemu kubwa yake ni ujira wa kazi yako mwenyewe ya kuosha, kuchaji na kujibu simu. Kodi nayo ipo. Mwisho wa mwaka pesa hiyo unaitangaza hata kama hukuletewa fomu ya kodi ya 1099-K.

Kwenye tairi usifanye ubahili. Ipo sheria ya shirikisho ya 2005, Graves Amendment, inayosema mwenye biashara ya kukodisha gari habebeshwi kosa la dereva kwa sababu tu gari ni lake, ilimradi mwenyewe hakuzembea. Hilo neno la uzembe ndilo mawakili watakaloling'ang'ania. Ukitoa gari lenye tairi vipara kwenye theluji, kinga hiyo umeitoboa kwa mkono wako. Weka risiti.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau, nami nakuomba ulifanye hata usipokodisha. Keti kwenye kiti cha dereva ufikiri kama mtu usiyemjua. Kwenye skrini kuna kitufe cha "Home," ukikibonyeza kinakupeleka mpaka mlangoni kwako. Mama, wewe ni msichana unayeishi peke yako. Kama gari limefundishwa pia kufungua geti la gereji, umempa mgeni anwani na ufunguo kwa pamoja. Vifute vyote viwili. Futa majina ya simu, futa safari za nyuma, toa hati zenye anwani kwenye kijisanduku cha mbele. Valet Mode, hali ya gari ya kumkabidhi mtu mwingine, huficha mengi ya hayo na kufunga kile kijisanduku, ila inabana mwendo usizidi maili 70 kwa saa, na mteja wa safari ndefu atalalamika. Makabidhiano fanyia mahali penye watu, duka kubwa au kituo cha kuchajia, si nyumbani.

Na wewe usimchungulie mteja. Programu inakuonyesha gari lilipo na kasi yake, unaweza kukaa unafuatilia kama mpelelezi. Angalia chaji basi, inatosha. Gari lenyewe linakumbuka vya kutosha. Lile la Las Vegas polisi walilifuata nyuma kituo kwa kituo cha kuchajia, kwa taarifa na video walizopewa na Tesla.

Mteja akifika, usimpe kadi ya kufungulia gari ukaondoka. Mwambie: gusa kadi kwenye nguzo kati ya milango, hapo panafunguka. Hakuna kitufe cha kuwasha. Ukikaa na kadi, kanyaga breki, kijiti cha kulia chini ni mbele, juu ni nyuma, bonyeza ncha kuegesha. Ukiachia mguu gari linajifunga breki lenyewe, usishtuke. Kisha mlango. Wageni wote wakitaka kutoka wanavuta kile kijiti cha mbele ya vitufe vya vioo, kwa kuwa ndicho kinachofanana na kitasa. Kile ni cha dharura, kinafungua mlango kabla kioo hakijashuka kidogo, na mpira wa pembeni unaumia. Kitufe chenyewe kiko juu, ni kidogo. Mwonyeshe kwa kidole. Mfanye afungue mwenyewe mara moja mbele yako. Mfanye pia achomeke na kuchomoa waya, hata kama anasema anajua.

Akichaji Supercharger bili inakuja kwako, wewe ndiye unayemdai kupitia kampuni. Akiacha gari limejaa na waya umo, kituo kikiwa na watu, Tesla wanatoza mpaka dola moja kwa dakika. Mwambie kabla, kwa maandishi. Huku Texas kuna na bili za barabara za kulipia, zinakuja kwa namba ya gari wiki kadhaa baadaye, mteja keshasahau hata rangi ya gari.

Picha piga kabla na baada, zenye mwanga. Watu wanapiga milango na kusahau rimu. Rimu ndizo zinazokwaruzwa na kingo za barabara karibu kila mara. Paa la kioo lipige, kioo cha mbele kipige kwa karibu, na uiname upige chini ya gari, kwani betri iko huko. Mteja wangu mmoja alilipitisha juu ya kitu akarudisha kimya kimya, akaacha asante ndefu yenye maua. Picha ya chini ndiyo iliyoniokoa.

Sasa jibu lako. Majira haya ya baridi, hapana. Lisubiri mpaka Mei. Kati ya sasa na hapo waulize wenye ghorofa kama wataweka chaja ya volti 240, hata ya kulipia. Wakikataa, mimi ningeacha kabisa. Wakikubali, anza na safari za siku tatu na kuendelea, ufunge kalenda siku zote za zamu na siku inayofuata ili ulale. Na usikodishe wiki ambayo huna njia nyingine ya kwenda kazini, maana gari likigongwa linaweza kukaa kwa fundi mwezi mzima likisubiri kipuri huku mkopo ukiendelea.

Ukiona hayo yote ni mengi, liuze ununue dogo. Sitakucheka. Shangazi yako atakucheka, lakini huyo anacheka kila kitu.

Nakutumia kwa posta kiunganishi cha pili na kadi mbili tupu za gari, za kwako ni moja tu najua. Jumapili nipigie ukishaamka, uwe na ule mkataba wa mkopo mkononi, unisomee kifungu kwa kifungu. Na mjibu mama yako.

Wako akupendaye,
Baba