Taa za Magari Zikaguliwe Zinakomulika

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotusumbua madereva wa usiku hapa Pemba. Juzi, nikitoka Chake Chake kurudi Wete, nilikutana na gari ambayo mwanga wake ulinijaa machoni hata nikalazimika kusimama pembeni. Nilimpigia taa dereva ili ashushe za kwake. Naye akanipigia kunionesha kuwa ameshazishusha. Nadhani alisema kweli.

Taa ya mbele huundwa kwa kufuata sheria za nchi inakouzwa na yanayowapendeza watu wake. Ufaransa, tangu miaka ya 1930 hadi 1993, ilitaka mwanga wa manjano, kwa imani kwamba hauumizi macho. Marekani, kuanzia magari ya mwaka 1940, ililazimisha taa mbili za duara za inchi 7, ndiyo maana magari yake ya wakati ule, kampuni yoyote iwayo, yanatazama kwa macho ya aina moja.

Kwetu sisi lililo zito ni upande wa kupita. Gari yangu ya Kijapani nikiisimamisha usiku mbele ya ukuta mweupe na kushusha taa, ukingo wa mwanga unalala sawa upande wa kulia, wanakotokea wenzangu, kisha unapanda kushoto, waliko waenda kwa miguu (na mbuzi wetu). Japani hupita kushoto kama sisi. Gari iliyoundwa kwa nchi za kupita kulia huupandisha mwanga huo kulia, yaani usoni mwa anayekuja, na kushusha taa hakuondoi tatizo.

Pamezuka pia mapenzi ya mwanga mweupe unaokaribia buluu. Vijana wanatia globu za LED katika taa ambayo kiakisi chake, yaani kile kinachong'aa ndani na kurudisha mwanga mbele, kilipangwa kwa waya mdogo wa globu ya halojeni, uliokaa mahali pake maalumu. Mwanga hutawanyika ovyo, na mwenye gari husifiwa mtaani.

Nilipopeleka gari yangu kukaguliwa, niliambiwa niwashe taa, zikawaka, nikaruhusiwa kuondoka. Nawaomba wahusika wachore mstari kwenye ukuta mweupe, kila gari isimamishwe mbele yake taa zikiwa zimeshushwa, na ile inayopandisha mwanga kulia isipewe karatasi mpaka ibadilishwe taa.

Dereva wa siku nyingi,
Wete, Pemba