Msiwaambie watu waache chapati kabla ya kupima damu

Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya wa Jumapili iliyopita uliwashauri wasomaji wanaosumbuliwa na gesi, kuharisha kusikoisha na uchovu waache vyakula vya ngano kwa mwezi mmoja, kisha wajisikilize. Mwandishi wenu akaongeza kwamba anayepata nafuu atakuwa amejipima mwenyewe bila kutoa shilingi. Nawaomba msirudie ushauri huo. Binti yangu ana ugonjwa wa siliaki, na kama tungeufuata, hadi leo tusingejua anaumwa nini.

Siliaki ni ugonjwa wa kinga ya mwili. Kinga hiyo ikikutana na gluteni, ile protini inayofanya unga wa chapati uvutike ukikandwa, inaugeukia utumbo mwembamba wa mwenyewe na kuushambulia. Gluteni imo katika ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai. Vijinyweleo vya utumbo vinavyofyonza chakula vinalala bapa, mtu anakula na kushiba, lakini mwili haupati madini ya chuma, kalsiamu wala folati. Kipimo cha kwanza ni cha damu, kinatafuta kingamwili, yaani protini ya kinga ya mwili, iitwayo tTG-IgA. Maabara makini hupima pia IgA yote kwa jumla, yaani kundi zima la kingamwili za aina hiyo, maana wako wagonjwa ambao miili yao haitengenezi IgA ya kutosha na kipimo kinawapita bila kuwaona.

Sasa, kingamwili hizo zipo kwa sababu mtu anakula gluteni. Akiacha, zinashuka, na utumbo nao unaanza kupona. Atakwenda maabara, atalipa, ataambiwa hana kitu. Au hatakwenda kabisa, ataishi na ngano nusu nusu: siku za kazi matoke, harusini sambusa, akiamini kidogo hakidhuru. Kwa mwenye siliaki kidogo kinadhuru, hata pale tumbo linaponyamaza.

Binti yangu alianza kudhoofika akiwa shule ya msingi. Damu ilikuwa pungufu na vidonge vya madini ya chuma havikuipandisha, vidonda vya mdomoni vilikuja na kuondoka, tumbo likavimba, wenzake wakampita kimo. Alitibiwa minyoo, akatibiwa taifodi, akatibiwa taifodi tena, kisha alsa. Mganda yeyote anayesoma barua hii anaujua mfuatano huo. Siwalaumu wahudumu wa vituo vya afya. Hapa kwetu mtoto mwenye damu kidogo na anayeharisha ni lazima kwanza afikiriwe malaria, minyoo ya safura, giadia, kifua kikuu cha tumbo na VVU, kabla ya ugonjwa ambao huenda mhudumu aliusoma mstari mmoja tu chuoni. Ninacholaumu ni kuutegemea mno ule upimaji wa Widal, kipimo cha damu ambacho huonyesha kwamba watu wengi wana taifodi ilhali hawana, halafu wakaandikiwa antibayotiki.

Daktari wa Kampala aliyeishuku siliaki alitushangaza: mtoto aendelee kula chapati na mkate kila siku mpaka vipimo viishe. Damu ikaonyesha kingamwili nyingi. Kisha akapitishwa mpira wenye kamera mdomoni hadi kwenye utumbo mwembamba, vikachukuliwa vipande vidogo kutazamwa kwa hadubini. Miongozo ya karibuni ya madaktari wa watoto wa Ulaya inaruhusu kuiacha hatua hiyo ya mpira ikiwa kingamwili ya mtoto imefika mara 10 ya kiwango cha juu cha kawaida au zaidi, na kipimo kingine cha damu, kwa sampuli ya pili, kikathibitisha. Kwa mzazi aliyeko Moroto au Kisoro, mbali na Kampala, hilo si jambo dogo. Damu inasafirishwa kwa urahisi kuliko mtoto mgonjwa.

Tuliambiwa pia, na watu waliosoma, kwamba huu ni ugonjwa wa wazungu. Mwaka 1999 watafiti walitangaza matokeo ya kuwapima watoto wa Kisahrawi, watu wa Sahara Magharibi: zaidi ya 5 katika kila 100 walikuwa na siliaki, ilhali duniani kwa jumla hukadiriwa kuwa mtu 1 hivi kati ya 100. Wasahrawi ni Waafrika, na mkate wameuzoea. Ugonjwa unahitaji vinasaba vya aina fulani, viitwavyo DQ2 na DQ8, na unahitaji ngano. Mwenye vinasaba hivyo aliyekula matoke na muwogo (muhogo) maisha yake yote huenda asijue kamwe kwamba anavyo. Mhamishie Kampala, kwenye rolex ya asubuhi, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, na mandazi ya saa nne, ndipo tuongee.

Kuna kisa ambacho mwandishi wenu angefaidika kukijua. Mwaka 1924 daktari wa watoto wa New York, Sidney Haas, aliandika kuhusu watoto wa siliaki aliowalisha ndizi mbivu kwa wingi huku akiwakataza mkate. Wakanenepa, na kwa miaka mingi watu wakaamini kwamba ndizi ndiyo dawa. Aliyeonyesha kwamba shida ni ngano ni Mholanzi, Willem Dicke. Alikuwa akiishuku tangu miaka ya 1930. Njaa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 ilipouondoa mkate Uholanzi, watoto wa siliaki walipata nafuu, na mkate uliporudi maradhi yakarudi. Tasnifu yake ni ya mwaka 1950. Makala yenu imeturudisha kwenye enzi ya ndizi: mtu anapona, hajui kilichomponya, anajitungia sababu. Anayeacha chapati anaacha pia mafuta iliyokaangiwa. Isitoshe, ngano ina aina ya wanga iitwayo fruktani inayowajaza gesi watu wasio na siliaki hata kidogo. Hao wangeweza kuhangaishwa maisha yao yote bila sababu.

Baada ya majibu, kula hapa Uganda si mateso kama watu wanavyodhani. Tarehe 1 Mei 2022, vita vya Ukraine vilipokuwa vimepandisha bei ya ngano, Rais Museveni aliwaambia wanaokosa mkate wale muwogo. Wengine walicheka, wengine walikasirika. Nyumbani kwangu hiyo ndiyo sera rasmi. Posho (ugali wa mahindi), matoke, kalo (ugali wa ulezi), mtama, wali, viazi, maharagwe, mukene (dagaa), mchuzi wa karanga, vyote kwa asili havina gluteni, na wala hatuhitaji ule mkate wa pakiti usio na gluteni kutoka Ulaya unaouzwa supamaketi za Kampala kwa bei inayomfanya mtu aurudishe rafuni.

Shida iko njiani, kati ya shamba na sahani. Mashine ya kusagia ikitoka kusaga ngano, ulezi unaofuata unatoka na ngano ndani yake. Ilitubidi tutafute mwenye mashine asiyesaga ngano kabisa, na si wengi. Unga wa uji wa kujenga mwili unaouzwa kwa mifuko mara nyingine umechanganywa na ngano, na maandishi ya mfukoni ni madogo au hayapo. Kabalagala, ambayo bibi zetu walipika kwa ndizi na unga wa muwogo, siku hizi wauzaji wengine huitia ngano ili ishikamane. Samaki wa kukaanga hupakwa unga. Chipsi huelea katika mafuta yaliyotoka kukaanga sambusa. Mayai ya rolex bila chapati yangekuwa salama, lakini yanakaangwa juu ya chuma kile kile. Watu wazima wajue kwamba bia nyingi ni za shayiri. Ajon, pombe ya kienyeji ya ulezi, iko salama zaidi, ikiwa kimea chake hakikuchanganywa na ngano au shayiri.

Shule ya bweni ndiyo iliyonikosesha usingizi. Jikoni mwiko mmoja unakoroga kila sufuria, na mtoto anayekataa mandazi anaonekana ana maringo. Kilichosaidia ni barua ya daktari, na matroni aliyekubali binti awe na sufuria yake na kikombe chake vyenye alama ya rangi. Mzazi asitegemee maelezo ya mdomo.

Sisi ni Wakatoliki, kwa hiyo swali la kwanza la binti baada ya majibu lilikuwa la Komunyo. Kanisa linataka hostia, ule mkate wa Komunyo, iwe ya ngano; isiyo na gluteni kabisa haikubaliki, na barua ya Vatikani ya mwaka 2017 ililirudia hilo. Ile yenye gluteni kidogo sana inakubalika, na asiyeweza hata hiyo anaruhusiwa kupokea divai peke yake. Paroko wetu alikubali mara moja. Lakini padre hutia kipande cha hostia ndani ya kalisi yake, kikombe cha divai, kwa hiyo ilibidi kiwekwe kikombe cha pili, na kumweleza kila padre mgeni kwa nini.

Ndugu wa mgonjwa nao wapimwe, hata wasioumwa. Kwa wazazi, watoto na ndugu wa damu, takriban 1 kati ya 10 hukutwa nao. Wengine dalili yao ni mifupa dhaifu au mimba zinazoharibika, wala tumbo haliwasumbui.

Nina ombi pia kwa Shirika la Viwango, UNBS. Kiwango cha kimataifa cha Codex kwa chakula kinachoitwa kisicho na gluteni ni kisichozidi miligramu 20 kwa kilo. Nakutana sokoni na unga ulioandikwa kwa mkono kwamba hauna gluteni, na sijui nani aliupima. Kukagua maandishi hayo kungetufaa kuliko semina.

Kwenu, Mhariri, naomba marekebisho yachapwe kwenye ukurasa ule ule. Waandikieni wasomaji waliokwisha kuacha ngano kwamba wakitaka kupimwa itawabidi waonane na daktari kwanza, na kwa kawaida warudie kuila kila siku kwa wiki 6 hivi au zaidi kabla ya kutoa damu. Ikiwa mwandishi wenu naye aliufuata ushauri wake, hilo linamhusu pia.

Mama wa mgonjwa,
Busia, Uganda