Ziwa lina njaa, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Kibirizi. Hatujambo sote, bibi anakusalimu sana.

Juzi kwenye simu ulilalamika kuwa dagaa wa Kigoma huko Dar bei haishikiki, ukasema wavuvi wetu wamelimaliza Ziwa Tanganyika. Ni kweli nyavu zimezidi. Hata uvuvi ziwani uliposimamishwa mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, mimi niliunga mkono, ingawa dagaa ndio wanaokulipia ada. Lakini usiwatwishe baba zako wadogo mzigo wote.

Tanganyika ina kina cha karibu mita 1,470, ila samaki wanaishi kwenye maji ya juu tu, maana huko chini hakuna oksijeni. Chakula chao lakini kinaanzia huko huko chini. Kila kinachokufa kinazama, kinaoza, na rutuba yake inalala kilindini. Kusi ikivuma, Mei hadi Septemba, inasukuma maji ya juu na ya chini yanapanda na rutuba hiyo. Mwani unaota, vijidudu wanakula mwani, dagaa wanakula vijidudu, migebuka wanakula dagaa, nasi tunasomesha watoto.

Sasa hali ya hewa imepanda joto, na ziwa nalo. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, yanaelea juu ya yale ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi, na upepo unashindwa kuyachanganya. Rutuba inabaki chini. Watafiti walioandika mwaka 2003 walikadiria kuwa uzalishaji wa mwani ulikuwa umepungua kwa asilimia 20 hivi, jambo linaloweza kupunguza samaki kwa asilimia 30. Na sehemu kubwa ya hewa chafu iliyoleta joto hilo imetoka kwenye viwanda na magari ya nchi tajiri. Mvuvi wa Katonga mwenye mtumbwi na taa zake ana sehemu gani hapo? Hilo linaniuma, mwanangu.

Ndiyo maana nakubali ziwa lipumzishwe: likila kidogo, haliwezi kutoa kama zamani. Lakini watu wapewe sababu yote, si nusu.

Wewe unasomea takwimu. TAFIRI, ile taasisi ya utafiti wa uvuvi, wana kituo hapa Kigoma. Ukija likizo, nenda ukawaulize kama wanapokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Chumba chako kipo.

Mama yako